Safari ya Luxor na Khabari ya Puto Lililoungua



Katika majira ya baridi yaliyopita Mwenyezi Mungu alinijaalia kufika nchi ya Misri kumtazama mpwa wangu, ambaye anasoma katika chuo cha Al-Azhar mjini Cairo. Siku niliyoondoka Tanga, dada yangu alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, "Kaka, mtoto huyu hana baba. Huko uendako wewe ndiwe baba yake." Maneno haya nayatia mwanzo kwa sababu yalinifuata safari nzima, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike khabari hii.

Mpwa wangu alikuwa katika siku za mapumziko. Akanishika kwa maneno matamu mpaka nikakubali twende pamoja kusini, tukautazame mji wa Luxor ambao watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuuona. Tulipanda garimoshi usiku, na kulipokucha tukaona mitende, mashamba ya miwa, na punda waliobebeshwa majani mabichi. Nyuma ya mashamba hayo lilikuwa jangwa. Katika Misri mtu aweza kusimama mguu mmoja katika shamba na mguu wa pili katika mchanga, kwani kila kilicho hai huko kinaishi kwa maji ya Nile.

MJI NA MSIKITI WAKE

Jina la mji huu kwa Kiarabu ni Al-Uqsur, maana yake makasri. Mji wenyewe uko upande wa mashariki wa mto. Upande wa magharibi ni mashamba na vijiji, na baada yake milima mikavu isiyoota hata jani. Watu wa zamani za Mafarao walifanya upande linakochomoza jua kuwa wa walio hai, na upande linakotua kuwa wa wafu. Ndiyo sababu makaburi ya wafalme wao yako magharibi, katika Bonde la Wafalme, na humo ndimo lilimofunuliwa mwaka 1922 kaburi la Tutankhamun, mfalme kijana ambaye vyombo vyake vya dhahabu vimeustaajabisha ulimwengu.

Siku ya kwanza tulisali Adhuhuri katika msikiti wa Sheikh Yusuf Abul-Hajjaj, mcha Mungu aliyetoka Baghdad akaja kukaa Luxor, na huko akafa katika karne ya 13. Msikiti huu una ajabu yake, maana umejengwa juu ya hekalu la Mafarao. Wakati ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa na udongo na vifusi vya karne nyingi, hata nguzo zake zimezama nusu, na watu wamejenga nyumba zao juu yake wala hawaoni ajabu. Katika karne ya 19 wachimbuzi walipouondoa udongo ule, hekalu likajitokeza chini, na msikiti ukabaki juu. Mlango wake wa zamani mpaka leo unaonekana ukining'inia ukutani, mita kadhaa kutoka sakafu ya hekalu.

Mpwa wangu akautazama, akaniuliza, "Mjomba, watu hawa walikuwa wakitoka vipi? Walikuwa wakiruka?"

Nikamwambia, "Hawakuruka, mwanangu. Walitoka kwa miguu yao kama sisi. Ardhi ndiyo iliyoondoka chini ya mlango."

Akacheka, na mimi nikacheka. Lakini usiku wa siku ile nilikuja kulikumbuka neno hilo, nikaona halina kicheko.

Mbele ya hekalu limesimama jiwe refu lililochongwa kama mkuki. Yalikuwa mawili, mwenzake Muhammad Ali Pasha aliwapa Wafaransa, nao wakalisimamisha mjini Paris mwaka 1836. Kutoka hapo kuna njia ya karibu kilomita 3 mpaka hekalu kubwa la Karnak, nayo imepangwa sanamu za mawe pande zote mbili. Njia hiyo ilifunguliwa upya kwa watu mwaka 2021.

Watu wa Luxor wengi wanaishi kwa riziki ya wageni. Mwenye gari la farasi, mwenye mashua, muuza vitambaa, mpishi, na kijana anayebeba mizigo, wote wanamngoja mgeni. Baada ya machafuko ya mwaka 2011 wageni walipungua sana, na mzee mmoja mwenye gari la farasi alituambia kwamba siku zile alikuwa akifikiri kwanza farasi wake atakula nini, kisha ndipo awafikirie watoto. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana penye njaa watu huona vigumu kuahirisha kazi.

OMBI LA MPWA

Jioni tulikaa kando ya mto tukinywa chai. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya wafu, na maji yalikuwa mekundu. Mpwa wangu akatoa karatasi mfukoni, akaniwekea mbele. Kumbe alikwisha kutoa pesa, zake na zangu, ili alfajiri ya pili yake tupande puto.

Wasomaji wasiopata kuliona puto hili wasidhani ni lile la watoto. Ni puto kubwa la kitambaa, refu kupita nyumba ya ghorofa nyingi, na chini yake limefungwa kikapu cha henzirani ambacho watu husimama ndani yake. Huko Luxor maputo haya huruka kila siku alfajiri, hali ya hewa ikiruhusu, yakawachukua wageni juu ya mto na mashamba na mahekalu. Wenziwe chuoni walikwisha kulipanda, naye hakutaka kurudi Cairo akiwa peke yake asiyejua.

Mimi nilinyamaza. Nilikumbuka tarehe 26 Februari 2013, na nikayakumbuka maneno ya dada yangu mlangoni. Kisha nikamjibu, "Kwenda tutakwenda, tukaone. Ama kupanda, hilo ni neno jingine."

ALFAJIRI YA KWANZA

Tulichukuliwa kabla ya adhana, tukavushwa mto kwa mashua ya mtambo pamoja na wageni wa mataifa mbalimbali, kila mmoja ameshika chai yake na kujikunyata kwa baridi. Ng'ambo tulifika katika uwanja wa vumbi. Wakati wa sala ulipoingia, mimi na mpwa wangu na baadhi ya wafanyakazi tulitandika koti juu ya mchanga tukasali Alfajiri, na mbele yetu maputo yamelala chini kama matanga ya jahazi yaliyotuliwa.

Baada ya sala nilimwendea mfanyakazi mmoja mtu mzima, nikamwomba anieleze kazi yao. Akanieleza kwa subira, nami nayaandika hapa kwa faida ya vijana.

Hewa ina uzito, ijapokuwa hatuuhisi. Ukiipasha moto hutanuka, na ile inayobaki ndani ya puto huwa nyepesi kuliko ya nje. Puto kubwa linalochukua watu 20 huwa na nafasi ya kiasi cha mita za ujazo 12,000. Hewa ya asubuhi inayojaza nafasi hiyo ina uzito wa tani 14 hivi. Ikipashwa moto mpaka kukaribia joto la maji yachemkayo, uzito wake hushuka ukawa tani 11 hivi. Zile tani 3 zilizopungua ndizo nguvu ya kunyanyua kitambaa, kikapu, mitungi ya gesi na watu. Juu ya vichwa vya abiria yamewekwa majiko makubwa ya gesi, nayo hupata gesi kwa mipira inayotoka katika mitungi iliyosimamishwa pembeni mwa kikapu. Rubani akifungua gesi, moto huruka juu kwa kishindo, na puto hupanda. Akiufunga, hewa hupoa na puto hushuka polepole. Akitaka kushuka upesi huvuta kamba inayofungua tundu kileleni, hewa ya moto ikatoka.

Ama usukani, hakuna. Puto huenda unakokwenda upepo. Ustadi wa rubani ni kupanda na kushuka akiutafuta upepo anaoutaka, kwa kuwa pepo za juu na za chini aghlabu hazielekei upande mmoja. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa alfajiri, jua halijaipasha ardhi na hewa imetulia.

Tulingoja. Maputo yalikwisha kuanza kujazwa hewa kwa mapangaboi makubwa. Kisha rubani akasimama, akatazama kipimo cha upepo, akazungumza katika simu ya upepo, akatikisa kichwa. Ruhusa ya kuruka haikutoka. Upepo umezidi. Wakaanza kuyakunja.

Wageni walinung'unika. Wengine walikuwa waondoke siku ile ile, wasingepata alfajiri nyingine. Mpwa wangu alikasirika kuliko wote, akasema, "Upepo gani huu, Mjomba? Hata kilemba chako haukitikisi." Yule mfanyakazi akamsikia. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, siku kama hii sisi tunarudi nyumbani mikono mitupu. Lau ingalikuwa ni salama, mimi ningalikuwa wa kwanza kukusukuma upande."

SHAMBA LA MIWA

Kwa kuwa tulikwisha kuvuka, nikaona tuitumie siku huko huko magharibi. Tukaenda kwa miguu mpaka kwenye masanamu mawili makubwa yaliyokaa peke yake ukingoni mwa mashamba. Ni masanamu ya mfalme Amenhotep wa Tatu, na urefu wa kila moja ni kama mita 18. Zamani za Warumi moja lao lilikuwa na ufa, na inasemekana lilikuwa likitoa sauti jua linapochomoza, jiwe linapopata joto baada ya baridi ya usiku. Wafalme walikuja kulisikiliza. Kisha likatengenezwa, likanyamaza.

Kutoka hapo tukaingia katika njia baina ya miwa. Miwa ilikuwa mirefu, inanong'ona kwa ule upepo tuliokatazwa. Nikamsimamisha mpwa wangu, nikamwambia, "Katika mashamba kama haya, upande huu huu wa mto, ndipo walipoanguka wale." Nikamsimulia.

Asubuhi ya tarehe 26 Februari 2013, mnamo saa moja, puto moja lilikuwa linamaliza safari yake. Ndani yake walikuwamo watu 21: abiria 9 kutoka Hong Kong, 4 Wajapani, 3 Waingereza, 2 Wafaransa, Mhungaria mmoja, na Wamisri wawili, yaani rubani na kiongozi wa wageni. Walikwisha kuona jua likichomoza, walikwisha kupiga picha. Puto lilikuwa karibu kabisa na ardhi, na watu wa chini wako tayari kulipokea na kamba zake. Hapo gesi ikavuja katika mpira mmojawapo wa ile inayopeleka gesi majikoni, moto ukawaka ndani ya kikapu.

Rubani aliungua vibaya, naye akatoka. Abiria mmoja Mwingereza naye alitoka karibu na ardhi. Hao wawili ndio waliosalimika. Ama puto, sasa lilikuwa limepungua uzito wa watu, na moto ule mkubwa unazidi kuipasha hewa. Badala ya kutua, likapanda. Likapanda kwa kasi mpaka kiasi cha mita 300, nalo linawaka. Baadhi ya waliokuwamo waliruka wakiukimbia moto. Kisha likalipuka, kitambaa kikanywea, na lote likaanguka katika shamba la miwa. Watu 19 walikufa. Haijapata kutokea kabla yake ajali ya puto la abiria iliyoua watu wengi hivyo.

Mpwa wangu alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Walikuwa mita ngapi kutoka chini moto ulipoanza?"

Nikamjibu, "Chache. Karibu wangaliweza kushuka kwa ngazi."

Hapo ndipo neno letu la msikitini liliponirudia, la ardhi inayoondoka chini ya mlango. Ikiondoka kidogo kidogo kwa miaka mia saba, watu hucheka. Wale iliwaondokea kwa nukta chache.

KADARI NA UZEMBE

Jioni tulirudi mahali petu kando ya mto, na mazungumzo yakaendelea. Mpwa wangu ni kijana mwenye akili na anapenda kuhoji, kama wanavyofundishwa. Akasema, "Mjomba, si kila mtu ana ajali yake? Waliokuwa wafe siku ile wangalikufa hata kitandani."

Nikamwambia, "Siku ya kufa anaijua Mungu. Lakini mpira wa gesi ulikaguliwa au haukukaguliwa, hilo anaulizwa mwanadamu." Nikamkumbusha mafundisho tuliyolelewa nayo, ya mtu aliyeambiwa amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Anayeacha kumfunga ngamia kisha akasema ni kadari, huyo hakutegemea. Amezembea, na uzembe wake ameuvisha kanzu ya dini.

Kisha nikamtajia mambo yaliyopita, apate kupima mwenyewe. Mwaka 1989, karibu na Alice Springs katika Australia, maputo mawili yaligongana, moja likipanda chini ya jingine, wakafa 13. Mwaka 2012, karibu na Carterton katika New Zealand, puto liligusa waya wa umeme, wakafa watu 11. Mwaka 2016, karibu na Lockhart katika jimbo la Texas, Marekani, puto lilirushwa asubuhi yenye ukungu, nalo likagonga nyaya za umeme; wakafa 16. Hapo hapo Luxor, mwezi wa Januari 2018, upepo ulilichukua puto moja likaanguka, akafa mgeni mmoja wa Afrika Kusini na wengine wakaumia. Tazama sababu zake: puto lenziwe, waya, ukungu, mpira wa gesi, upepo. Nyingi katika hizo mtu aliweza kuziona kabla, lau angalitazama, au angalikubali kungoja.

Nikamwambia na khabari ya Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, mji wa Waislamu wa Andalusia. Mtu huyu mwenye elimu aliishi katika karne ya 9, na al-Maqqari, mwandishi wa tarikh, ameeleza kwamba alijitengenezea mbawa akajirusha, akapepea hewani kitambo. Lakini aliposhuka aliumia mgongo, kwa kuwa hakujifanyia mkia, naye ndege hutua kwa mkia wake. Alifikiria sana kupanda, kutua akakusahau. Na miaka mia tisa baadaye, Mfaransa Pilâtre de Rozier, ambaye pamoja na mwenzake walikuwa wanadamu wa kwanza kuruka kwa puto lisilofungwa kamba, mwezi wa Novemba 1783, alikufa mwaka 1785 kwa kuanguka na puto alilojaribu kuvukia bahari kwenda Uingereza.

"Basi unanikataza?" akaniuliza.

Sikumjibu upesi. Kumkataza kulikuwa rahisi. Lakini nilifikiri kwamba nitarudi Tanga, naye atabaki, na puto litakuwapo, na pikipiki za Cairo zitakuwapo, na bahari itakuwapo. Siwezi kumfungia ndani ya maneno yangu. Afadhali nimfundishe namna ya kutazama. Nikamwambia, "Kesho utakwenda, kwa sharti tatu. Kwanza, utauliza kabla ya kupanda, wala usione haya. Pili, ukiambiwa leo hakuna kuruka, hutanung'unika. Tatu, utakaloambiwa na rubani utalifanya kama ulivyoambiwa. Mimi sitapanda. Mimi nitakaa chini nikupokee."

ALFAJIRI YA PILI

Kulikucha shwari kabisa. Moshi wa moto wa wafanyakazi ulikwenda juu wima kama uzi. Ruhusa ikatoka.

Nilimwona mpwa wangu akimwendea rubani na kuuliza: mipira imekaguliwa lini, kizimia moto kiko wapi, wakitua wafanye nini. Nilikhofia rubani ataudhika. Wallahi, hakuudhika. Alimshika mkono akamwonyesha kimoja kimoja, na wageni wengine wakasogea kusikiliza. Akawafundisha wote namna ya kutua: wachutame, waupe mgongo upande wanakokwenda, washike vishikio vya kamba vilivyomo ndani ya kikapu. Akamalizia kwa kukazia neno moja: mtu yeyote asitoke kikapuni mpaka apewe ruhusa, hata kikapu kikiwa kimekwisha kugusa chini. Mtu mmoja akitoka, puto hupungua uzito, laweza kunyanyuka tena na wenziwe. Mpwa wangu akanigeukia akanitazama. Alikwisha kufahamu.

Haya siyasemi kwa kuwalaumu waliotoka siku ile ya mwaka 2013. Aliyeshikwa na moto hana khiari, na Mungu ndiye Mwingi wa rehema. Nayasema ili msomaji ajue kwamba amri ndogo kama hiyo ina hisabu ndani yake.

Puto likapanda. Mimi walinipa nafasi katika gari la watu wa chini, ambao kazi yao ni kulifuata puto mpaka litakapotua. Nilikuwa nikitazama juu kupitia dirishani, na midomo yangu inasoma nilichokihifadhi. Maputo yalikuwa mengi, ya rangi zote, yametulia juu ya mto kana kwamba yametundikwa. Nakiri kwamba yalikuwa mazuri. Jua lilipochomoza liliyagusa yale kwanza, kisha vilele vya milima, kisha sisi tulio katika miwa. Hapo nilifahamu kwa nini watu huvuka bahari kuja kuyapanda, na nikawaonea huruma zaidi wale 19, maana jambo la mwisho walilolitazama kwa utulivu lilikuwa hili.

Baada ya kiasi cha dakika 40 likaanza kushuka kuelekea shamba lililokwisha kuvunwa. Gari likaenda mbio katika njia ya vumbi, vijana wakaruka chini kabla halijasimama. Kamba ikatupwa. Wakaishika wanane, wakaegemea nyuma kwa uzito wao wote. Mkubwa wao alisimama pembeni, hakuishika kamba. Kazi yake ilikuwa kutazama. Aliitazama kamba inapopita, akawapigia kelele wawili wahame upande wa pili, isije ikapita karibu na mitungi na mipira ya gesi. Kikapu kikagusa chini, kikaruka kidogo, kikagusa tena, kikatulia. Majiko yakazimwa. Hakuna aliyetoka. Mpwa wangu alikuwa amechutama na kushika kamba zake, ananitazama kupitia ukingo wa kikapu, nami namtazama. Kisha rubani akaanza kuwatoa mmoja mmoja, na kila anayetoka kijana mmoja wa chini huegemea kikapu badala yake.

Aliponifikia nilimshika bega. Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema, "Mjomba, juu hakuna khofu hata kidogo. Khofu yote iko huku chini."

NENO KWA VIJANA

Ndugu zangu, msiseme hayo ni ya Misri. Maputo ya namna hii yanaruka kwetu pia, juu ya nyika za Maasai Mara tangu miaka ya 1970, na baadaye Serengeti, na vijana wetu wameajiriwa humo kushika kamba, kuendesha magari, na wengine kuwa marubani. Na hata asiyepata kuliona puto maisha yake yote, anapanda basi, anapanda mashua kwenda Unguja au Pemba, anawasha jiko la gesi jikoni mwake. Mpira wa jiko la nyumbani na mpira ulioungua Luxor kazi yao ni moja. Mama wa nyumba anayeukagua mpira wake kila anapobadilisha mtungi anafanya kazi ile ile aliyokuwa akiifanya mkubwa wa kamba.

Mwenye chombo ajue kwamba roho za watu ni amana shingoni mwake, na asiitoe amana hiyo kwa ajili ya chumo la asubuhi moja. Na abiria naye ana sehemu yake. Nahodha akisema leo bahari imechafuka hatutweki tanga, tusimwite mwoga wala tusimwongezee nauli ili abadili shauri. Siku ile ya kwanza, katika uwanja wa vumbi, watu wote tulikuwa tukimnung'unikia mtu aliyekuwa akituhifadhi, na mimi mwenyewe ndani ya moyo wangu nilikuwa mmoja wao, kwa kuwa pesa zilikwisha kutolewa.

Niliporudi Tanga nilimkuta dada yangu ananingoja. Nikamweleza yote, hata la puto, nikamweleza na sharti tatu. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Akauliza kweli, mbele za watu?" Nikamwambia, "Aliuliza." Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda jikoni. Nikamsikia anafungua kabati la mtungi, anautazama mpira wake.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.